Watu wazima wasio na makazi Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuwalinda na kuwasaidia

Maswali haya huletwa na watu wa aina tatu: Waswahili wenzetu wanaofanya kazi kwenye hosteli na timu za mitaani, waumini wa makanisa na misikiti waliomkuta mtu wa kwao analala nje, na jamaa walioko Mombasa, Kigoma au Bukavu wanaomtafuta ndugu aliyeacha kupokea simu. Majibu yanahusu England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina sheria zao, ingawa yanayohusu namna ya kuzungumza na mtu yanafaa popote.

## Mambo ya msingi

Lazima mtu awe analala barabarani ndipo ahesabiwe hana makazi?

Hapana. Kwa Sheria ya Nyumba ya 1996, mtu hana makazi akiwa hana mahali ambapo ana haki ya kukaa, au anapo lakini si haki kumtaka aendelee kukaa hapo, kwa mfano kwa sababu anapigwa. Anayelala kwenye kochi la rafiki Barking wiki hii na Reading wiki ijayo yumo. Anayelala ndani ya gari yumo. Kadhalika anayezunguka London usiku kucha kwenye mabasi kwa sababu ndani kuna joto.

Watu wetu wengi wako kwenye kundi hili lisiloonekana. Aibu ndiyo inayowaficha. Mtu aliyeagwa kwao kwa sherehe hataki habari zifike nyumbani kwamba Ulaya hana pa kulala. Wanawake ni wagumu zaidi kuwaona: hukaa kwenye vyumba vya kusubiri vya hospitali, au hukubali kuishi na mwanamume wasiyemtaka ili tu wapate paa.

Sheria inamhesabu nani kuwa mtu mzima aliye hatarini?

Sheria ya Matunzo ya 2014, kifungu cha 42, inaangalia mambo matatu kwa pamoja. Mtu awe na mahitaji ya matunzo na msaada, hata kama kwa sasa hapati huduma yoyote. Awe ananyanyaswa au anatelekezwa, au yuko katika hatari ya hayo. Na awe hawezi kujikinga kwa sababu ya mahitaji hayo hayo. Halmashauri ikiwa na sababu ya kushuku kwamba yote matatu yapo, inalazimika kuchunguza au kuagiza uchunguzi ufanywe. Ushahidi kamili si sharti.

Soma pia yasiyomo. Kifungu kinamhusu mtu aliye ndani ya eneo la halmashauri, awe mkazi wa kawaida wa hapo au la. Hali yake ya uhamiaji haikutajwa. Ukijibiwa kwenye simu kwamba "huyu si wa kwetu", taja kifungu cha 42 kwa jina na uombe jibu hilo liandikwe.

Basi kila asiye na makazi anaingia kwenye ulinzi huo?

La. Kukosa nyumba peke yake si hitaji la matunzo. Kijana mwenye afya aliyefukuzwa na mwenye nyumba anahitaji idara ya nyumba. Lakini aliyelala nje kwa muda mrefu ni nadra kuwa na tatizo la nyumba tu. Utakuta kidonda kisichopona, kifafa, majeraha ya kichwa ya zamani, sonona, pombe, au kumbukumbu inayopotea, mara nyingi mawili matatu kwa pamoja. Na mtu huzeeka upesi: takwimu za serikali za England na Wales za mwaka 2021 zilionyesha kwamba waliofariki wakiwa hawana makazi walikuwa na wastani wa miaka 45 kwa wanaume na 43 kwa wanawake. Kwa hiyo usimwone mtu wa miaka 50 ukadhani ni kijana mno kwa fimbo ya kutembelea au msaada wa kuoga.

Ni unyanyasaji wa aina gani unaohesabiwa?

Mwongozo wa serikali unataja aina kumi, kuanzia kupigwa na kudhalilishwa kingono hadi ubaguzi na uzembe wa taasisi. Mitaani na hostelini tatu ndizo zinazojirudia.

Ya kwanza ni kuporwa fedha. Mtu hana simu wala akaunti yake, hivyo "rafiki" anamtunzia kadi. Ya pili ni utumwa wa kisasa: gari linapita kwenye foleni ya chakula asubuhi, dereva anaahidi kazi na kitanda, na baada ya wiki mtu anafanya kazi ya kumwaga zege bila mshahara huku pasipoti imefungiwa. Ya tatu ni kujitelekeza, yaani mtu kuacha kabisa kujitunza mwili, afya au mahali anapokaa hadi maisha yanakuwa hatarini. Hii iliongezwa rasmi kwenye orodha pamoja na sheria ya 2014, na bado ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa kuwa hakuna mkosaji wa kumwonyesha kidole.

## Kuona na kutoa taarifa

Nimemkuta mtu analala nje. Nifanye nini usiku huu?

Msalimie kabla ya kumuuliza lolote. Akiwa haamki, anapumua kwa shida, midomo imebadilika rangi, au amechanganyikiwa ghafla, piga 999. Ikiwa unadhani ametumia heroini au dawa nyingine za kundi hilo, mwambie mpokea simu. Dawa ya naloksoni hurudisha pumzi, na wafanyakazi wengi wa mitaani hutembea nayo. Ikiwa hali si ya dharura lakini ni ya kiafya, piga 111. Kwa msukosuko wa akili, chagua namba 2 baada ya kupiga 111.

Asipokuwa katika hatari ya papo hapo, peleka taarifa kwa StreetLink, huduma inayopokea taarifa za watu wanaolala nje, kupitia tovuti yao ili timu ya mitaani imtafute. Andika mahali kamili na saa uliyomwona amelala. Timu nyingi hutoka usiku wa manane au alfajiri, na maelezo kama "karibu na stesheni" humfanya mtu akosekane. Andika: "mlango wa nyuma wa duka la dawa, upande wa maegesho, analala baada ya saa tano usiku." Mtu akionekana yuko chini ya miaka 18, hiyo ni kazi ya polisi na idara ya watoto.

Dalili gani zinaonyesha kuna zaidi ya ukosefu wa nyumba?

Anza na miguu. Viatu vilivyolowa na visivyovuliwa hufanya ngozi ioze, na uvimbe wenye wekundu na joto unaopanda juu ya kifundo ni maambukizi yanayoweza kuingia kwenye damu. Kisha sikiliza mazungumzo: anarudia swali lile lile, anasimulia jambo la jana ambalo unajua halikutokea, anamtazama mtu mwingine kabla ya kujibu. Siku ya malipo ya Universal Credit, yaani posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, angalia nani anamsubiri. Mtu anayepokea mamia ya pauni na jioni yake anaomba sigara ana kitu cha kuulizwa, kwa upole na akiwa peke yake.

Taarifa ya ulinzi inapelekwa wapi, na niandike nini?

Inapelekwa kwa kitengo cha huduma kwa watu wazima cha halmashauri ya eneo alipo mtu, kwa simu au fomu ya mtandaoni. Mtu yeyote anaweza kuipeleka. Huhitaji kuwa mfanyakazi. Uhalifu uripotiwe pia polisi.

Namna ya kuandika ndiyo inayoamua kama itasomwa mara mbili. Tulishaona taarifa nyingi za namna hii: "Bwana huyu ni mlevi, anakataa msaada, tuna wasiwasi naye." Afisa ustawi wa jamii hana cha kushika hapo. Linganisha na hii:

"Mwanamume wa miaka kama 60. Miguu yote miwili imevimba na inatoa maji. Viatu hajavivua kwa siku nyingi. Husahau mazungumzo ya jana yake. Kadi yake ya benki iko kwa mtu anayemwita rafiki, na siku ya malipo mtu huyo humsindikiza kwenye mashine. Anasema hataki hosteli kwa sababu aliibiwa humo, lakini ameomba mahali pa kuoshea miguu. Nashuku anaporwa na anajitelekeza, na kwa sababu ya kumbukumbu yake hawezi kujikinga. Naomba uchunguzi wa kifungu cha 42 na tathmini ya mahitaji ya kifungu cha 9."

Tofauti iko kwenye vitu vilivyoonekana kwa macho, kwenye masharti matatu ya sheria, na kwenye ombi la mwenyewe. Mwongozo unasisitiza kwamba matakwa ya mhusika ndiyo yaongoze kazi yote.

Lazima nimwombe ruhusa kwanza?

Mwombe, ndiyo. Mweleze unataka kumwambia nani na kwa nini. Lakini unaweza kutoa taarifa bila ridhaa yake ikiwa watu wengine wako hatarini, ikiwa hana uwezo wa kuamua jambo hilo, ikiwa analazimishwa na mtu, ikiwa kuna uhalifu mkubwa, au ikiwa anayemdhuru ni mfanyakazi wa huduma. Ukifanya hivyo, mwambie kwamba umefanya, isipokuwa kumwambia kutamwongezea hatari.

Nikitoa taarifa si nitakuwa nimemchongea mwenzangu?

Hofu hii ni ya kweli, hasa kwa watu waliotoka mahali ambapo jina lako likifika ofisini limekwisha. Uchunguzi wa kifungu cha 42 si kesi dhidi ya mhusika. Lengo lake ni kujua nini kifanywe ili awe salama na nani akifanye. Kuna jambo moja la uhamiaji la kuangalia kabla, na limeelezwa chini kwenye swali la Home Office, wizara inayoshughulikia uhamiaji.

Jumuiya zetu hukusanya maelfu ya pauni kwa siku chache kusafirisha maiti ya mtu ambaye kila mmoja alijua alikuwa analala kwenye gari. Nguvu hiyo hiyo ingemlipia mwanasheria, simu na nauli angali hai.

## Anapokataa msaada

Tumemwendea, amesema hapana. Tumwache?

Hapana. Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo tunalotaka lienee.

Kwanza jiulize amekataa nini hasa. Aliyeulizwa "Unataka msaada?" na mtu asiyemjua, mwenye kitambulisho shingoni, saa kumi na moja alfajiri, atasema hapana, nasi tungesema hivyo. Pengine amekataa hosteli moja ambamo alipigwa. Pengine amekataa kuachana na mbwa wake au mkewe, kwa sababu kitanda kilichopatikana ni cha mtu mmoja. Pengine hawezi kusoma fomu na hataki ijulikane. Aliyepita kwenye vita vya Kivu anaweza kukataa kila anayevaa sare. Na wako waliokubali mara nyingi huko nyuma wakaahidiwa na kuachwa, wamechoka kutumaini.

Mtu wa kwetu mara nyingi hufunguka kwa salamu kabla ya kitu kingine chochote. "Shikamoo mzee," kisha unachuchumaa ili macho yenu yawe sawa, unampa chai yenye sukari, unauliza habari za miguu. Si lazima siku hiyo itajwe nyumba. Arudi mtu yule yule, wakati ule ule, na afanye jambo dogo aliloombwa: soksi kavu, simu kwa binti yake, barua isomwe. Wengi waliokwisha kuandikwa kwenye mafaili kwamba "hawashirikiani" walianza na jambo la ukubwa huo.

Kisha kuna sheria. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Matunzo kinasema mtu mzima anaweza kukataa tathmini ya mahitaji, lakini halmashauri haiachiliwi wajibu wake ikiwa mtu huyo ananyanyaswa au anatelekezwa au yuko hatarini, au hana uwezo wa kuamua na tathmini ni kwa maslahi yake. Kwa hiyo ofisi ikifunga faili kwa sentensi moja, "amekataa huduma", uliza kwa maandishi: alikataa huduma gani, alielezwa na nani, kwa lugha gani, na kifungu cha 11 kimezingatiwaje?

Uwezo wa kuamua hupimwaje?

Kwa Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya 2005. Kila mtu anachukuliwa kuwa na uwezo mpaka ionekane vinginevyo. Lazima asaidiwe kuamua mwenyewe kwanza, na uamuzi usio wa busara si ushahidi kwamba hana uwezo. Kipimo ni cha jambo moja kwa wakati mmoja: anaelewa maelezo, anayashika kichwani, anayapima, na anaweza kueleza uamuzi wake? Mtu anaweza kuwa na uwezo wa kuchagua chakula na asiwe nao wa kuamua kuhusu mguu unaooza. Anayeonekana hana uwezo lazima afanyiwe kilicho kwa maslahi yake, kwa njia inayombana kidogo iwezekanavyo.

Usiku anapoonekana ana ugonjwa wa akili na yuko kwenye hatari ya papo hapo mahali pa wazi, polisi wana mamlaka ya kumpeleka mahali salama kwa kifungu cha 136 cha Sheria ya Afya ya Akili ya 1983. Ni hatua nzito. Itumike pale tu ilipofika hapo.

Anaeleza vizuri kila kitu lakini hatendi hata kimoja. Huo ni uwezo?

Huenda si uwezo kamili. Majeraha ya kichwa na pombe ya miaka mingi huharibu sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo ndiyo hupanga na kutekeleza. Mbele ya mpimaji kwenye chumba tulivu mtu huyo huzungumza vizuri sana: "Nitakwenda hospitali kesho, nitachukua dawa, nitarudi." Kesho yake yuko pale pale, na ahadi hiyo ameitoa mwaka mzima.

Mwambie afisa asipime kwa maneno peke yake. Amwombe mtu aonyeshe: dawa ziko wapi, utafikaje kliniki, tutembee sote mpaka kituo cha basi. Na mpelekee kumbukumbu zako za tarehe. Anayemwona kwa nusu saa hawezi kujua unachokijua wewe unayemwona kila wiki.

Wameniambia aache pombe kwanza ndipo ahudumiwe. Ni sawa?

Si sawa, na inaweza kumuua. Anayekunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa kunakohatarisha maisha. Kupunguza kusimamiwe na mtaalamu. Sheria ya Matunzo haina kifungu kinachomwondoa mlevi. Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya huduma za afya na ustawi, wa mwaka 2022 kuhusu huduma kwa wasio na makazi unataka afya, ustawi wa jamii na nyumba zifanye kazi pamoja, badala ya idara ya akili kumtupia ya pombe na ya pombe kumrudisha.

Omba pia achunguzwe upungufu wa vitamini B1. Upungufu huo kwa wanywaji huharibu kumbukumbu, mwendo na macho, na ukiwahiwa hutibika. Mtu anayeyumba akiwa hajanywa asihukumiwe kwa kuangaliwa tu.

## Nyumba

Halmashauri inalazimika kumpa mtu nyumba?

Kila mtu ana haki ya kupewa taarifa na ushauri bure. Tangu Sheria ya Kupunguza Ukosefu wa Makazi ya 2017 ianze kutumika Aprili 2018, anayestahili huduma na aliyebakiza siku 56 kabla ya kukosa makazi lazima asaidiwe asifike huko, na aliyekwisha kukosa asaidiwe kwa siku 56 apate pengine. Chumba cha muda usiku huo huo ni kwa yule ambaye kuna sababu ya kuamini kwamba ana kipaumbele: mwenye mimba, mwenye watoto, aliyekimbia kupigwa nyumbani, au aliye dhaifu kwa uzee, maradhi au ulemavu.

Wamesema si dhaifu kuliko wengine walio mitaani. Tukubali?

Msikubali. Mwaka 2015, katika kesi ya Hotak, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba mtu alinganishwe na mtu wa kawaida ambaye angekosa makazi, asilinganishwe na wanaolala nje ambao tayari wamedhoofika. Barua ya kukataliwa ikifika, kuna siku 21 za kuomba uamuzi upitiwe upya. Hesabu siku hizo mara moja, kwa sababu barua nyingi hufika kwenye anwani ambayo mtu hayupo.

Na akitoka hospitalini au gerezani?

Magereza na hospitali ni miongoni mwa taasisi ambazo tangu Oktoba 2018 zina wajibu wa kumpeleka mtu, kwa ridhaa yake, kwa idara ya nyumba anapokuwa hana pa kwenda. Zungumza na wodi siku ya kwanza ya kulazwa. Ijumaa jioni, teksi ikiwa imekwisha kuitwa, hakuna atakayekusikiliza.

Aliyelazwa kwa nguvu chini ya kifungu cha 3 cha Sheria ya Afya ya Akili ana haki ya huduma za baada ya kutoka hospitalini za kifungu cha 117, bila malipo na bila kujali uhamiaji. Watu wengi wetu wamepita huko na hawajui wana haki hiyo hadi leo. Ulizia historia hiyo.

Baridi kali ikija?

Halmashauri nyingi hufungua malazi ya dharura utabiri unaposema joto litashuka hadi sifuri, na mara nyingi huwapokea hata wasiostahili huduma nyingine. Si wajibu ulioandikwa kwenye sheria, kwa hiyo taratibu hutofautiana. Piga simu mchana, usisubiri usiku.

Amepata nyumba. Kazi yetu imekwisha?

Miezi ya kwanza ndiyo yenye hatari. Upweke humfanya awaalike wenzake wa mtaani, na nyuma yao huingia wauza dawa wanaoigeuza nyumba kuwa ghala, naye mwenye ufunguo akaishia kulala jikoni au kurudi nje. Ukikuta nyuso mpya kila ukifika, mlango unafunguliwa na mtu mwingine, au mwenyewe anaongea nawe kwenye ngazi tu, peleka taarifa kama ilivyoelezwa kwenye swali la kuandika taarifa. Apewe nafasi ya kusema yaliyompata kabla hajaandikiwa notisi ya kumtoa kwa "kelele".

## Uhamiaji

Hana haki ya fedha za umma, yaani hali yake ya uhamiaji inamzuia kupata posho na nyumba za serikali. Kuna lolote linalowezekana?

Lipo. Sheria ya Matunzo hainyimi huduma kwa sababu ya ufukara tu kuwepo. Inanyima pale hitaji linapotokana na ufukara peke yake. Mwenye ulemavu, ugonjwa sugu au ugonjwa wa akili anaweza kutathminiwa, na wasio na vibali wanaweza kusaidiwa pale ambapo kuwaacha kungevunja haki zao za binadamu. Anayeomba hifadhi na hana kitu aombe msaada wa Home Office wa kifungu cha 95 cha Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya 1999. Baadhi ya wenye vibali vya kifamilia wanaweza kuomba sharti la kutopata fedha za umma liondolewe.

Kumwona daktari wa familia ni bure kwa kila mtu, na kujiandikisha hakuhitaji kitambulisho wala anwani. Asiye na makazi anaweza kutumia anwani ya zahanati yenyewe. Matibabu ya kitengo cha dharura ni bure pia. Akilazwa anaweza kudaiwa, kulingana na hali yake.

Nikimpeleka halmashauri, Home Office watajua?

Inategemea, na tusidanganyane. Mtu anayeomba huduma za ustawi akiwa nchini bila kibali, halmashauri inaweza kuwajibika kumjulisha Home Office. Kwa hiyo, ikiwa hali inaruhusu, aone kwanza mwanasheria wa uhamiaji. Ikiwa maisha yako hatarini, usisubiri.

Mchungaji au mwenyekiti wa jumuiya anaweza kumjazia fomu za uhamiaji?

Anaweza kumsindikiza, kutafsiri, kumtunzia karatasi na kumtafutia wakili. Kumshauri kuhusu kesi yake ya uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai hapa Uingereza, hata kama halipwi. Tumeona kesi nzuri zikiharibiwa na maelezo yaliyoandikwa sebuleni kwa nia njema.

Alikuja kwa viza ya kazi ya matunzo, mwajiri akapoteza leseni ya kudhamini wafanyakazi kutoka nje, sasa analala kwa watu. Afanyeje?

Viza inapofupishwa, barua ya Home Office kwa kawaida hutoa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Siku zinahesabiwa tangu barua, kwa hiyo ashauriwe mara moja. Kisha muulize mengine, bila haraka: alilipa ngapi kwa wakala, nani anashika pasipoti, walilala wangapi chumba kimoja, mshahara ulikatwa kwa kisingizio gani? Majibu yanaweza kuonyesha utumwa wa kisasa. Mwenyewe akiridhia, Salvation Army, polisi au halmashauri wanaweza kumwingiza kwenye mfumo wa kitaifa wa waathiriwa, ambao unaweza kumpatia malazi na mtu wa kumfuatilia. Namba ya bure ya utumwa wa kisasa ni 08000 121 700.

## Hali ngumu

Tumtumie nani kutafsiri?

Mkalimani wa kulipwa, na ni wajibu wa ofisi kumleta. Ndugu hafai, na rafiki anayeshika kadi ya benki hafai hata kidogo. Hakikisha pia lugha ni yenyewe. Mzee wa Barawa anayezungumza Chimwiini akiletewa mkalimani wa Kiswahili cha Dar es Salaam, na mama wa Fizi anayewaza kwa Kibembe, wote wataitikia "ndiyo" kwa adabu bila kuelewa. Baada ya hapo itaandikwa kwamba walikubali. Aliyepata shida kushiriki kwenye tathmini na hana mtu wa kufaa wa kumsemea ana haki ya mtetezi huru kwa vifungu vya 67 na 68 vya Sheria ya Matunzo.

Anayemdhuru ni mfanyakazi wa hosteli, na mimi nafanya kazi hapo hapo.

Andika ulichoona siku hiyo hiyo, kwa tarehe na saa. Mpelekee kiongozi wa ulinzi wa shirika; akiwa yeye ndiye mhusika, nenda moja kwa moja halmashauri au polisi. Sheria inamlinda mfanyakazi anayefichua maovu kwa manufaa ya umma, lakini aliye kwenye viza inayotegemea mwajiri huyo huyo apate ushauri wa kisheria sambamba, kwa sababu hofu yake ina msingi.

Ana uwezo wa kuamua, lakini anatishwa na mtu asitoke. Kuna njia?

Ipo. Mahakama Kuu inaweza kuingilia kumlinda mtu mzima mwenye uwezo ambaye hiari yake imebanwa na vitisho au shinikizo. Halmashauri ndiyo hupeleka ombi. Afisa akisema "ana uwezo, basi", muulize kama wanasheria wao wameulizwa kuhusu njia hiyo.

Amefariki. Bado kuna la kufanya?

Lipo. Asipopatikana wa kumzika, halmashauri ya mahali alipofia inawajibika kumzika au kumchoma kwa Sheria ya Afya ya Umma (Udhibiti wa Magonjwa) ya 1984. Jamaa wanaotaka azikwe badala ya kuchomwa, au wanaotaka kumrudisha kwao, wawasiliane na ofisi ya halmashauri na ya mchunguzi wa vifo mapema, hata kwa barua pepe kutoka Kigoma, na waeleze dini yake.

Ikiwa alikuwa na mahitaji ya matunzo na kuna shaka kwamba kifo kilitokana na unyanyasaji au kutelekezwa, kujitelekeza kukiwemo, na ofisi hazikushirikiana ipasavyo, kifungu cha 44 cha Sheria ya Matunzo kinaitaka Bodi ya Ulinzi wa Watu Wazima ya eneo ifanye mapitio ya kesi. Bodi haziwezi kuangalia vifo zisivyovijua. Hosteli, kanisa, msikiti au dada yake aliyeko Mwanza wanaweza kuandika kuomba mapitio hayo, wakiambatanisha tarehe za taarifa zilizotolewa na majibu yaliyopatikana, likiwemo kila "amekataa huduma".